Sufuria Ilikuwa Inalala Upande

Mtu wa kwanza kujua kwamba ardhi pale kwenye duara la bamdogo inazama nilikuwa mimi, na nilijua kwa sababu ya mafuta. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Mafuta yakakimbilia upande mmoja wa sufuria yakajikusanya huko, vitunguu vya upande wa pili vikaungua. Nikadhani figa moja limekaa vibaya. Nikaipua sufuria, nikaweka kijiwe kidogo juu ya lile figa, nikarudisha. Ikakaa sawa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kaka yangu Maige alikuwa anashuka kwenye lile duara kila asubuhi. Nilikuwa na siku tano za kusema.

Kwetu ni Runzewe. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa nje kidogo ya mji, na lilikuwa la bamdogo Davis, mdogo wake marehemu baba. Mama na mimi tulikuwa tunawapikia wachimbaji. Ilikuwa likizo ya Desemba, nimemaliza kidato cha tatu. Jiko letu lilikuwa hatua kama thelathini kutoka mdomo wa duara. Karibu zaidi ya hapo haturuhusiwi. Machimboni mwanamke hasogelei mdomo wa duara, wanasema dhahabu inakimbia. Kwa hiyo sisi tulikaa mbali, tukaona tuko salama, na hakuna aliyefikiria kwamba wale wa chini wanafuata mwamba kwenda pembeni na sio kwenda chini tu.

Lazima nieleze kuhusu bamdogo, maana watu sasa wanamsema kama vile alikuwa shetani. Hakuwa. Alikuwa mlevi wa kawaida. Mwezi wa nane akaenda Kahama kwenye semina ya siku tatu, akarudi mtu mwingine. Pombe aliacha, kweli kabisa aliacha. Alikuwa anaamka mapema, ananyoosha shati lake mwenyewe. Alisema amefundishwa kwamba adui wa mafanikio yako hayuko nje, yuko kichwani, na mtu akikiri kushindwa kwa mdomo wake ameshashindwa.

Na mimi alinisaidia. Mimi ni mtu nisiyeongea. Sio kwamba sitaki, neno linafika kooni linakwama. Darasani mwalimu akinitaja jina natetemeka mpaka dawati linatetemeka, wenzangu wananiita Simu, eti iko kwenye vibration. Bamdogo akanikalisha nyumbani, akaniambia, "Anisia, anayekutetemesha ni mwongo. Akianza, wewe ongea kwa nguvu zaidi." Mwezi wa kumi, kwenye kipindi cha jiografia, nikanyoosha mkono. Nikasimama, nikatetemeka, nikajibu. Jibu lilikuwa sahihi. Nilirudi nyumbani nakimbia njia nzima kwenda kumwambia.

Kwa hiyo nilimwamini. Naomba hilo lieleweke.

Kila asubuhi kabla watu hawajashuka alikuwa anawapanga mstari, anapaza sauti: "Kichwa!"

"Kimekubali!"

"Mwamba!"

"Umekubali!"

Sheria yake ilikuwa moja. Pale kazini hakuna kutoa neno la mashaka. Ukitoa, unalirudisha mbele ya wote au unaondoka. Aliyeondoka alikuwa mzee Valerian. Yeye ndiye alikuwa fundi wa matimba, yale magogo wanayokingia udongo usiwaangukie chini. Mwisho wa Novemba mvua zilikuwa zimeshachanganya, akapanda juu asubuhi moja akasema, "Davis, huku pembeni umeenda mbali sana. Matimba haya hayatoshi. Patatuzika hapa."

"Mzee, hilo ni neno gani tena?"

"Ni neno la matimba."

"Lirudishe."

"Nilirudishe wapi, kwani nimeliazima?"

Watu wakacheka, bamdogo hakucheka. Mzee Valerian akachukua shoka lake, akapita jikoni kwetu, akamwambia mama, "Wabeja kwa ugali, Mama Maige." Akaenda zake kutafuta kazi upande wa Bulyanhulu. Kazi ya matimba akapewa Ezekiel, ambaye kazi yake ilikuwa kushika kamba juu na akaendelea kuishika, na ambaye alichokuwa nacho ni mdomo mzuri tu.

Jumanne kile kijiwe hakikutosha, nikaongeza kigae cha chungu. Mama akaniuliza mbona nahangaika na mafiga. Nikasema yamekaa vibaya.

Jumatano Maige alipanda kula, matope mpaka kwenye nyusi. Akakaa na sahani yake, akasema, "Nani alikuwa anapasua kuni saa nne hivi?"

"Mimi."

"Nilikusikia bwana. Ko, ko, ko, juu ya kichwa changu. Nikamwambia Donatus, huyo ni dada anatuandalia, leo tutakula mapema."

Donatus, mwenzake wa kule chini, akasema, "Mimi nilitaka kugonga kuomba chumvi."

Wakacheka. Mimi nikaangalia chini nilipokuwa nimesimama. Walikuwa chini yangu. Sio karibu na mimi, chini yangu.

Nikafungua mdomo. Neno likaja mpaka kooni likakaa pale, kama kawaida yake. Nikajiambia hii ni ile hofu yangu, huyu ni yule mwongo. Bamdogo alishanifundisha kwamba akianza usimpe nafasi. Nikamnyamazisha. Na nilipomnyamazisha nikajiona nimekua.

Alhamisi niliweka nusu tofali. Siku hiyo pia niliona ufa. Ulikuwa mwembamba, unapita nyuma ya jiko, unaweza kuingiza ukucha. Nilisimama nikauangalia, halafu nikachota majivu, nikayamwaga juu yake, nikafagia. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka mama asiuone akaanza maneno, akaambiwa arudishe neno mbele ya wanaume.

Jioni tukirudi Runzewe mama alitangulia. Nikamshika Maige shati.

"Kaka."

"Ee."

"Sufuria inalala upande."

"Basi iamshe."

"Maige, sikutanii."

Akageuka. Nikamweleza yote, kijiwe, kigae, nusu tofali, ufa. Nilikuwa naongea chini chini mpaka akawa ameinama kunisikia. Bodaboda ikapita ikaturushia maji ya barabarani, hakuitukana hata.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Unajua mimi wiki ya kwanza nilikuwa natetemeka hata nyundo siishiki? Ezekiel alikuwa ananiita bibi harusi. Nikajishinda. Sasa kesho nikasema sishuki, nikiulizwa nasema nini? Sufuria?"

"Sema nimekwambia mimi."

"Hapana. Sema wewe." Akanishika bega. "Mimi wananijua naogopa. Wewe hujawahi kusema kitu pale tangu tuanze. Ukisimama wewe ukasema, mimi sishuki. Nakuapia, hata bamdogo anifukuze. Sawa?"

"Sawa."

"Mbele yao wote lakini. Sio kwenye shati langu."

Ijumaa mama hakuja moja kwa moja, alibaki sokoni kununua maharage. Bamdogo alikuwa ameshapanga mstari. "Kichwa!" Kimekubali. "Mwamba!" Umekubali. Nikatoka jikoni. Nilihesabu hatua ili nisigeuke. Nilipofika ishirini mmoja akasema, "Wewe binti, huku unakuja wapi?"

Nikasimama hapo hapo. Miguu ilikuwa inatetemeka mpaka kanga inacheza.

"Bamdogo, jiko linazama."

Ezekiel akadakia kutoka kwenye kamba, "Linazama? Kwani hilo ni jiko au ni meli?"

Wakaangua kicheko. Donatus akasema, "Basi tutupieni maboya!" Kicheko kingine. Mimi nikabaki nimesimama. Maige alikuwa hacheki. Tochi yake iko kichwani haijawashwa, ananiangalia.

Bamdogo hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinifuata pole pole, akachuchumaa mbele yangu kama mtu anayeongea na mtoto mdogo, akanishika mikono yote miwili.

"Unatetemeka."

"Ndiyo."

"Unamjua huyo anayekutetemesha?"

Akaiinua mikono yangu juu.

"Ni yule yule wa darasani, mwanangu. Angalia mikono yako. Ni yule yule. Mwezi wa kumi ulimshinda, ukanijia unakimbia, unakumbuka?"

Nilikumbuka. Na ilikuwa kweli, kutetemeka kulikuwa kule kule. Dawati, kanga, hakuna tofauti. Nikatafuta tofauti kichwani haraka haraka sikuiona. Kumbe sikutakiwa kuitafuta mikononi. Sufuria ilikuwa pale nyuma yangu, hatua ishirini, mtu yeyote angeenda kuiangalia.

"Mshinde tena," bamdogo akasema. "Sema: ardhi ya bamdogo ni imara."

"Ardhi ya bamdogo ni imara."

"Wamesikia?"

"Hatujasikia!" wakajibu.

"Ardhi ya bamdogo ni imara!"

"Bado!"

Nikavuta pumzi. Nikapiga kelele. Sijawahi kutoa sauti kama ile maishani mwangu, hata mimi niliisikia inarudi kutoka kwenye miti.

"ARDHI YA BAMDOGO NI IMARA!"

Wakapiga makofi. Ezekiel akapiga mluzi. Bamdogo machozi yalimlenga, kweli, alikuwa anajivunia mimi.

Maige akasogea. Akaniuliza taratibu, mimi na yeye tu, "Una uhakika?"

Sasa pale hakuna aliyenishika mikono. Hakuna aliyenilazimisha. Alikuwa kaka yangu tu, ananiuliza.

"Nina uhakika."

Akatabasamu. "Kumbe una sauti," akasema. Akawasha tochi, akashika kamba.

Nilirudi jikoni najisikia vizuri. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka asubuhi ile bila hicho kipande, haiwezekani. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa naimba.

Ilikuwa inakaribia saa sita. Nilikuwa nimeenda kuchukua kuni kwenye rundo, pembeni kidogo. Sikusikia mlipuko wala nini. Nilisikia kama gunia la mahindi limeshushwa chini, puu, basi. Nilipogeuka jiko halikuwepo. Palikuwa na shimo, moshi unatoka ndani yake, na sahani moja ya bati inateleza kwenye ukingo inaingia. Nikaita jina la Maige. Ezekiel akaanza kuvuta kamba, ikaja haraka, nyepesi, haina mtu.

Chini walikuwa wamebaki Maige na Donatus. Walikuja watu kutoka maduara yote ya jirani, hata wale waliokuwa na ugomvi na bamdogo. Wakachimba kwa majembe na kwa ndoo. Mama alifika na maharage kichwani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mdomo wa duara, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa sahani, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyemwambia mwanamke hasogei hapa. Bamdogo alichimba mpaka kucha zikatoka. Alikuwa anasema, "Yuko hai. Semeni yuko hai. Semeni!" Na watu wakawa wanasema.

Donatus walimpata Jumamosi asubuhi, mguu umevunjika, anaongea. Maige walimpata saa tisa mchana. Alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, mikono iko kwenye mapaja. Hakuwa na jeraha lolote usoni.

Tulimzika Jumapili. Baada ya padre kumaliza, bamdogo akaomba kusema neno. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa vyeupe. Akasema Maige hakuwa mtu wa kukata tamaa, na njia ya kumheshimu ni kutokata tamaa. Akasema Alhamisi wanafungua upande wa pili wa lile duara, mwamba umeshaonekana, watu wanane wameshakubali kushuka. Wengine wakaitika amina. Nikamwona Ezekiel ameinamisha kichwa, yeye alikuwa mmoja wa wale wanane.

Jumanne alikuja afisa wa madini. Mama mmoja mnene, buti zimejaa matope, anaonekana alishapita kule kuangalia. Akakaa na wanaume chini ya turubai la msiba, akatoa daftari. Mimi nilikuwa nawagawia chai.

"Poleni sana," akasema. "Nina swali moja kubwa. Kabla ya siku ile kuna mtu yeyote aliona dalili? Ufa, udongo kudondoka, chochote?"

"Hakuna mama," bamdogo akajibu. "Ni ajali. Ilikuja ghafla, kama mwizi."

Afisa akawaangalia wengine. Ezekiel akaangalia kikombe chake. Mwingine akasema ni mipango ya Mungu. Afisa akaanza kuandika.

Sinia lilianza kugonga. Vikombe vilikuwa vinagongana, kila mtu anasikia, na ni mimi niliyekuwa nalitetemesha. Kulikuwa kutetemeka kule kule. Nilitetemeka darasani nikasema kweli. Nilitetemeka Ijumaa nikasema kweli, nikaendelea kutetemeka nikasema uongo. Mikono yangu haikuwa inajua chochote. Ilikuwa inatetemeka tu, ndivyo ilivyo, labda itatetemeka mpaka nizeeke. Nilichokuwa nakijua ni kingine, na hicho kilikuwa kimetulia tuli.

Nikaweka sinia chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti."

"Mimi niliona."

Bamdogo akasema haraka, "Huyu ni mdogo wake marehemu. Mtoto ana uchungu, mama. Nenda ndani Anisia."

"Mwache," afisa akasema. "Uliona nini?"

Nikamweleza. Sauti ilikuwa inakatika, na mahali pengine nilirudia mara mbili. Nilieleza mafuta na vitunguu, kijiwe, kigae, nusu tofali. Nikaeleza ufa.

"Huo ufa wengine hawakuuona?"

"Niliufunika na majivu."

"Ukamwambia mtu?"

"Maige. Halafu Ijumaa nikamwambia bamdogo, mbele ya watu."

Afisa akamgeukia bamdogo. Bamdogo akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kama siku ile, "Muulize baada ya hapo alisema nini. Watu wote walisikia. Anisia, si ulisema ardhi ni imara?"

"Ndiyo. Nilisema. Nilisema mara tatu. Halafu Maige akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia nina uhakika. Ndiyo akashuka."

"Kwa nini ulisema hivyo, binti?"

"Nilidhani naishinda hofu."

Bamdogo akafungua mdomo, nikamwona anatafuta lile neno la kumtoa pale, neno la semina, na sijui kama hakulipata au alilipata akashindwa kulisema. Alikaa tu anaangalia vidole vyake vyenye vitambaa.

"Anasema kweli," Ezekiel akasema. Alikuwa bado anaangalia kikombe. "Mimi ndiye nilimcheka. Na matimba kule upande wa pili nimeyaweka mimi. Mimi sijui kuweka matimba."

Afisa aliandika muda mrefu. Jioni ile duara likazungushiwa utepe, na Alhamisi hakuna mtu aliyeshuka. Bamdogo alichukuliwa Jumatano kwenda kuhojiwa. Alipopita mlangoni kwetu sikutoka. Nilimpenda, sijui sasa naweza kusema nini kuhusu hilo.

Lakini hiyo ilikuwa kazi rahisi, kumwambia mgeni mwenye daftari.

Wageni walipoondoka siku ile ya Jumanne nilibaki nakusanya vikombe. Mama alikuwa amekaa mlangoni, upande wa wanawake. Alikuwa amesikia kila kitu. Aliongea bila kuniangalia.

"Ulijua tangu lini?"

Nilijua anachoniomba. Alikuwa ananiomba niseme Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku ya ufa, na yule afisa hakuniuliza siku, kwa hiyo ningesema Alhamisi angeamini, na siku moja mtu anaweza kuibeba. Hata mimi ningeweza kuibeba. Kichwani mwangu sauti ilikuwa inasema Alhamisi, Alhamisi, na ilikuwa sauti nzuri, yenye huruma, haikutetemesha kitu.

"Jumatatu," nikasema.

"Jumatatu."

"Ndiyo mayu. Siku tano."

Mama hakunipiga. Alisimama, akafunga kanga yake upya, akachukua ndoo, akaelekea kisimani. Nilimwangalia mpaka akapita miembe ya jirani. Ndoo aliyoichukua ilikuwa imejaa maji, yanamwagika kila hatua, na yeye hakuwa anayaona.